Mwalimu Sauti Arudi Kanisani

Siku ya maziko watu walisimama mmoja mmoja wakasema marehemu alikuwa mama mpole, mtulivu, mtu asiyeinua sauti. Binti yake, kitinda mimba, fundi cherehani, aliyasikiliza hayo yote kwenye kiti cha mbele, na kila sifa ilimchoma. Mpole nani? Jamani, watu wakifiwa husahau hata mtu wanayemzika.

Maana mama yake, enzi zake, alikuwa Mwalimu Sauti. Darasa la kwanza lilikuwa lake tangu usichana wake mpaka anastaafu na miguu imevimba. Mtoto akisoma, yeye hakusimama mbele na fimbo kama wenzake. Alikwenda nyuma kabisa, akajibana kwenye dawati la mwisho, akakunja mikono. "Wa nyuma hasikii," alisema. "Anza upya." Na mtoto alianza upya, kamasi zinamtoka, mpaka sauti ifike. Mwenyewe utotoni alikuwa na sikio bovu, akawekwa nyuma, na mwalimu wake akasoma na wa mbele tu. Aliapa hatamfanyia hivyo mtoto wa mwenzake. Basi mji mzima ukatoka na makoo mapana. Ukifika zahanati ukamsikia mgonjwa anamweleza daktari habari za tumbo lake mpaka mlinzi wa getini anamwonea huruma, usiulize kasoma wapi.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, kwa tabia ile ile. Mchungaji alikuwa mwanafunzi wake, na kila alipopanda mimbari macho yake yalimtafuta kwanza mwalimu huko nyuma. Mwalimu akiitikia kwa kichwa, ndipo anaanza.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu, kama mchwa kwenye mlango. Kwanza alitia chumvi kwenye chai, kisha akapoteza jina la mwanawe mkubwa, kisha njia ya sokoni. Kanisa tu hakulisahau. Ila Jumapili moja, mahubiri yamekolea, sauti ikatoka benchi la mwisho: "Wa nyuma hasikii. Anza upya." Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka, akaanza upya. Jumapili iliyofuata, vile vile, na baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Siku alipomwamuru mchungaji ashuke akasimame kwenye kona, mzee wa kanisa, fundi saa mwenye maneno laini, alikuja nyumbani kuzungumza na binti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu ni mama yetu sote, hilo unalijua." Alipuliza chai yake. "Lakini ibada nayo ina utaratibu. Akae kwanza nyumbani apumzike. Sisi tutakuja kumwombea hapa hapa."

"Mtakuja kweli?"

"Tusipokuja tutakuwa watu gani?"

Wakaja, wakaja tena, kisha mguu ukakatika. Wengine ni hao aliowashika mkono kuwafundisha kuandika majina yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini jaribu kumtafuta dhiki ikishaingia ndani.

Hata hivyo, kilichomkata fundi cherehani maini si hao. Ni Jumapili zenyewe. Mama aliamka, akaoga, akavaa gauni lake la bluu, akaketi karibu na mlango, Biblia mapajani.

"Tunachelewa, mwanangu."

"Leo hakuna ibada, mama."

"Na hiyo kengele inamlilia nani?"

Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Ufunguo alikuwa ameuficha kifuani. Mama alivuta kitasa mpaka mkono ukachoka, kisha akakaa chini akalia kama wanavyolia watoto siku ya kwanza shuleni, bila kuficha uso. Kila wiki fundi alimdanganya mchana kweupe mtu aliyemfunza kusema kweli, akajiona mchawi. Ndipo alipoapa: kabla mama hajafa, atarudi kwenye benchi lake. Hakutaka kingine duniani.

Akamfuata mzee wa kanisa kwenye kibanda chake cha saa. "Akishatulia, mwanangu," ndilo jibu. Akamfuata mchungaji, naye akatazama viatu vyake. "Mimi ningempokea hata kesho, dada. Wazee ndio hawataki." Kaka yake mkubwa alimpigia simu kutoka huko aliko: asiende kuitia familia aibu. Kaka wa watu! Aibu aliijua kwa simu tu, hakuwahi kufua shuka.

Miezi ikaenda. Mama akaanza kutulia. Akaacha kuvuta kitasa, akaacha kubishana, na fundi akasema Mungu si Athumani. Mzee wa kanisa alipopita kupunguziwa suruali, alimkuta mwalimu ameketi kimya, mikono mapajani.

"Mbona ametulia hivi?" alisema, uso umemchangamka. "Basi mlete Jumapili."

Fundi alisukuma kando nguo za wateja, akamshonea mama gauni jipya la bluu, kwani la zamani lilikuwa linamning'inia. Akamsuka. Akacheka peke yake juu ya cherehani. Walipoingia kanisani watu waliinuka kumpokea, wakataka kumpeleka mbele kwenye viti vya heshima. "Hapana," fundi alisema, "kwake ni nyuma."

Mchungaji akapanda mimbari, akatazama benchi la mwisho. Sijui ni hofu ilimshika au ni haya, lakini alipoanza kusoma sauti ilimkwama, hata waliokaa katikati wakawa wanainama kutega masikio. Fundi akamgeukia mama yake. Sema, mama. Sema sasa. Alijishangaa kuomba jambo lile lile lililowafukuzisha.

Mama alikuwa anachezea kifungo cha gauni jipya. Hakumwangalia mchungaji, hakuiangalia Biblia. Watu waliposimama kuimba, yeye alibaki ameketi, akamvuta binti yake mkono.

"Samahani, dada," alinong'ona kwa adabu, mgeni kwa mgeni. "Hapa ni wapi?"

"Kanisani, mama."

"Aa." Akafikiri. "Na mimi nimeletwa na nani?"

"Nimekuleta mimi."

"Asante. Umefanya jambo jema."

Ibada ilipokwisha walijazana mlangoni kumpa mkono. Mzee wa kanisa alikuwa ametabasamu mpaka magego. "Umeona, mwanangu? Tumesali naye vizuri kabisa. Mlete kila Jumapili, hasumbui mtu."

Fundi alihisi hasira ikimpanda na machozi yakiiwahi. "Mzee, mama yangu alilia nyuma ya mlango miezi yote ile akitaka kuja kwenu," alisema. "Leo nimemleta, hajui kama amekuja."

Mzee alikohoa, akatafuta pa kuweka macho. Mwalimu aliwashukuru wote, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kisha akamuuliza mchungaji kama sasa anaruhusiwa kwenda kwao.