Nisomee kwa Sauti

Mpaka leo nikimwona mtu anacheka peke yake mbele ya kompyuta, nasogea nione anachekea nini. Nilimwona mmoja hivyo Mbinga, na aliyekuwa anachekwa ni mimi.

Nilikuwa muuguzi, nimehamishiwa huko kutoka Tanga, na baridi ya milima ile ilinitesa. Asubuhi za Juni nilivaa sweta mbili na bado vidole vilikataa kushika sindano. Sikuwa na ndugu mjini. Nilikuwa na redio. Ilikuwa ya masafa mafupi, mtumba, kubwa kama begi la shule, niliipata sokoni Songea. Ilikuwa miaka ile ambayo redio za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila mji mkubwa, na watu walishangaa kusikia muziki na matangazo ya sabuni mchana kutwa. Kule milimani zilitufikia chache, tena kwa mikwaruzo. Mimi wala sikuzitaka hizo za karibu. Nilitaka za mbali kabisa. Kabla ya kwenda kazini nilikaa kitandani na blanketi mabegani, nikizungusha kitufe taratibu mpaka kwenye ule uvumi itoke sauti ya mtu wa nchi nisiyoijua. Wengine hufuma vitambaa, wengine hucheza bao. Starehe yangu ilikuwa hiyo.

Kilipofunguliwa chumba cha intaneti karibu na soko, niligundua kwamba kuna jukwaa la Kiswahili la watu wenye kichaa kama changu. Nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya kwao. Nikajiandikisha kwa jina la kubuni, kama walivyofanya wote, ila sikuficha kwamba mimi ni mwanamke na niko bara. Niliandika kwa uangalifu: nimesikia nini, wakati gani, waya wangu wa kunasia mawimbi nimeufunga wapi. Nisipokuwa na hakika nilisema sina hakika. Kurasa zile zilifunguka kwa shida, na mtu akisubiri muda wote ule kusoma maneno yako, usimpe upuuzi.

Lakini jukwaa lilikuwa na bwana mkubwa wake. Hakuwa msimamizi, ila aliandika kuliko wote. Alijitambulisha kuwa ni injinia, yuko Dar es Salaam, nyumba yake ina antena juu ya ghorofa. Mambo aliyajua, hilo sitamnyima. Ila alimjibu mtu kama anayefukuza mbwa jikoni. Mzee mmoja aliuliza kama betri zilizolowa zinaweza kukaushwa juani, akaambiwa aachane na redio akalime. Mwingine alikosea jina la kituo, akaitwa bwege. Baada ya hapo wale wengine walikuja chini yake kucheka, mmoja baada ya mwingine. Mzee wa betri sikumwona tena.

Zamu yangu ikafika. Kazini tulitumwa Mbaha, kandokando ya ziwa, kuchanja watoto. Nikabeba redio. Alfajiri, kabla wenzangu hawajaamka, nilifunga waya kwenye nguzo ya kuanikia nyavu, nikaunyoosha kuelekea majini. Nilikaa mchangani penye harufu ya dagaa wanaokauka, nikatafuta. Na hapo, mahali ambapo Mbinga nilikuwa napata uvumi mtupu, ikaja filimbi, halafu gitaa jembamba la haraka, halafu mwanamume akisema kwa lugha niliyodhani ni Kihispania. Nilisikia nusu ya jina la mji. Kisha jua likachomoza milimani nyuma yangu na sauti ikafifia, ikaisha. Nilibaki nimekaa pale kwa furaha, nikaandika saa na ile nusu ya jina.

Niliporudi Mbinga niliandika jukwaani yote hayo. Nilisema nadhani ni kituo kidogo cha milima ya Amerika ya Kusini, kwa sababu ya muziki, lugha na saa, lakini sina hakika, na kama kuna anayejua zaidi anisaidie.

Injinia alijibu: "Uongo mtupu. Wanawake wa bara mkipewa redio mtasikia mpaka malaika." Wakacheka. Nikajibu kwa adabu, nikaeleza maji ya ziwa yalivyosaidia. Akaandika kwamba ziwa langu limejaa wachawi na bila shaka mmoja amenunua redio. Wakacheka zaidi. Msimamizi alikuwepo, niliona akijibu mambo mengine siku hiyohiyo. Kwangu hakusema kitu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Kompyuta zilizokuwa zinafanya kazi zilikuwa mbili, bega kwa bega. Ya kwanza alikaa mwalimu wa kwaya. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, lakini mjini wote walimwita mwalimu kwa sababu ya kwaya. Mtu mzima, mwenyeji, mpole, shati limepigwa pasi. Huyo alikuwa hapiti mlangoni kwa mtu bila kuuliza habari za watoto, za shamba, za kahawa. Nilipofika mgeni, yeye ndiye aliyenielekeza pa kununua mkaa. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa.

Alikuwa anaandika huku anacheka kimyakimya, mabega yanamtikisika. Vioo vile vilikuwa vikubwa, na tulikaa karibu kiasi cha kugusana viwiko. Nikaona rangi za jukwaa langu. Nikaona maneno yangu ya Mbaha, na chini yake sentensi anayoiandika. Nikajiambia labda anasoma tu kama wengine. Akabonyeza kutuma. Nami nikasubiri ukurasa wangu ufunguke. Ukafunguka. Sentensi ileile, neno kwa neno, na juu yake jina la injinia wa Dar es Salaam.

"Mwalimu," nikasema.

"Naam, mwanangu."

"Huyo unayemwandikia ni mimi."

Alitazama kioo changu, akatazama chake. Kicheko kilikatika.

"Ah," akasema. "Kumbe ni wewe, nesi. Mambo ya mtandaoni hayo. Ni utani tu."

"Kama ni utani, nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Hiyo uliyoandika sasa hivi. Nisomee kwa sauti, nami nicheke."

Kijana mwenye chumba aliinua kichwa. Mwalimu akashusha sauti. "Nesi, tusiaibishane mbele za watu."

"Uliandika mbele za watu. Soma."

Alifungua mdomo. Nilidhani kweli atasoma, na sijui ningefanya nini. Kilichokuwa pale ni kwamba mwanamke aliyekosa mume aende akamtafute ziwani, siyo redioni. Aliisoma kwa macho mpaka mwisho. Kisha uso ukabadilika, upole wote ukamtoka kama maji kwenye beseni lililopasuka.

"Sikiliza," akasema. "Wewe umekuja juzi. Hapa mimi nimezaliwa. Huwezi kuchungulia maandishi ya watu halafu ukaniamrisha kama mtoto. Hata hiyo habari yako ya Mbaha ni uongo, na nitaendelea kusema ni uongo."

"Umewahi kupeleka redio Mbaha alfajiri?"

"Sihitaji."

"Basi husemi kwa kujua."

Akainuka, akachukua kofia, akatoka bila kuaga. Kwa mtu wa Mbinga, tena yeye, kuondoka bila kuaga ni kama kutukana.

Kabla ya wiki kwisha habari zilikuwa zimenitangulia kazini. Nesi wa Tanga anachungulia siri za watu kwenye kompyuta. Mama mmoja wa kwaya alikataa nimchome sindano, akasubiri mwenzangu amalize wagonjwa wote. Mwingine aliniuliza usoni, "Ni kweli unasoma barua za watu?" Nikamwambia amuulize mwalimu wake barua yenyewe ilisema nini. Hakumuuliza, bila shaka. Walimsalimu yeye, wakanipita mimi. Nilikula hasira asubuhi na jioni. Niliwachukia wote, wa mjini na wa jukwaani, na sikuona tofauti yao.

Nilimwandikia msimamizi kwa faragha, nikamwekea nakala ya matusi yote, siyo niliyotukanwa mimi tu, bali na ya mzee wa betri. Akajibu mstari mmoja: wakubwa tuvumiliane. Nilisoma mstari huo nikataka kupasua kioo.

Ilibaki njia moja. Ningeweza kuandika kwamba injinia hana ghorofa, hana antena, ni karani wa Mbinga anayekaa kiti cha jirani yangu. Niliiandika. Ilikuwa sentensi fupi. Niliitazama, nikaifuta. Wasinisifie huruma, sikuwa nayo. Niliwajua tu wale wachekaji. Waliocheka nilipopigwa mimi wangecheka vilevile akipigwa yeye, na sikutaka kuwalisha. Badala yake niliandika kwamba matusi sitayajibu tena, na kwamba yeyote anayetaka kuniuliza kuhusu waya, masafa au wakati, nipo. Anayesema sikusikia, aende Mbaha alfajiri akasikilize.

Hakuna aliyecheka chini ya hiyo. Wala hakuna aliyenitetea.

Injinia akanyamaza. Miezi ikapita, mvua zikaanza, barabara ya kushuka ziwani ikawa tope tupu. Kazini walichoka kuninunia, kwani watoto waliugua na sindano zilikuwa mkononi mwangu. Kile kituo cha filimbi niliwaandikia barua kwa kubahatisha anwani, hawakujibu. Mpaka leo sijui kwa hakika nilisikia nini.

Kisha mama mmoja wa Kigoma akaingia jukwaani. Alijieleza vibaya, akauliza kwa nini redio yake inapiga mluzi kila taa ndefu ya sebuleni ikiwashwa. Lilikuwa swali la mtu asiyejua kitu kabisa, la aina ile ambayo injinia alikuwa anaichana vipande. Nilikaa tayari, meno nimeyauma.

Injinia alijibu: "Karibu sana, mama. Taa za namna hiyo huchafua mawimbi. Izime unaposikiliza, au usogeze redio mbali nayo. Ukishindwa, tuandikie tena."

Nilisoma mara mbili. Nilitegemea nitapata nafuu, na badala yake hasira ilinipanda upya. Kumbe aliweza. Alijua siku zote namna ya kumjibu mtu, maneno yalikuwepo mdomoni mwake, na kwa mzee wa betri hakuyatumia, na kwangu hakuyatumia. Msamaha hakuniomba, si pale wala barabarani, na mimi sikumwendea.

Nikamwandikia mama wa Kigoma chini yake kwamba ajaribu pia kupitisha waya dirishani, usiguse bati. Akashukuru, akasema atajaribu jioni hiyohiyo.