Unyuzi Uliokwama Kooni

Harufu ya mkaa uliosagwa ndani ya kibuyu bado hunitia hasira. Wengine huku kwetu Boito wakiisikia humeza mate na kuulizia mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Mimi hushika koo, kisha humkumbuka kogo, mama yake baba. Mnisamehe, simkumbuki kwa wema.

Kogo hakumpenda mama. Mama aliolewa kutoka Kisii, na kwa kogo hilo lilikuwa kosa lisilo na dawa. Vibuyu hakuruhusiwa hata kuvigusa. Jumatatu moja, miaka ya tisini mwanzoni, mama aliniacha jikoni na kogo, akajitwika kikapu akaenda kuchuma chai. Kogo akaketi kusugua kibuyu kwa sosiot, kijiti cha ukuti kilichopondwa ncha ikawa nyuzi ngumu. Nilimwangalia mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, maziwa yalipoiva, nilipiga funda moja tu. Unyuzi ukanichoma kooni, ukakaa hapo. Kogo akanifinyangia tonge la ugali kubwa kama yai.

"Meza. Usitafune. Itashuka."

Haukushuka, ulizama zaidi. Kufikia jioni nilikuwa natema damu, na baba akanibeba mgongoni hadi hospitalini, mama na kogo wakifuata nyuma.

Daktari alinimulika tochi, akauvuta kwa koleo refu jembamba. Ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Niliona aibu kwa kelele zote nilizopiga. Kisha akawageukia wakubwa.

"Na ugali mlimpatia ya nini? Ingetoboa koo! Nani aliosha hiyo kibuyu?"

"Si ni huyu," kogo akasema, akimwonyesha mama kwa mdomo. "Nilisema mimi. Hawa watu wa Kisii hawajui kibuyu. Ataniulia mtoto."

Mama akanigeukia. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu. Koo lilikuwa limefunguka, ningeweza kusema. Nilidhani ananihurumia, nikamrudishia tabasamu, nikajiona mtoto mwenye adabu kwa kutomkatiza kogo.

Baba alimwamini mamake. Wiki ile ile alimrudisha mama kwao, akakaa huko muhula mzima, nami nikalelewa na yule mwongo.

Nilipozaa wangu ndipo nilipoyaelewa yale macho. Mama alijua aliniacha wapi Jumatatu ile. Alikuwa akiningoja niseme.