Turbo, Lutuku na Mtihani wa Zaina

Nakumbuka asubuhi moja kule Wamaza, mwanangu, mjomba wangu Kalonda alipochukua funguo za gari lake mkononi mwangu na kuniambia nikae kwanza nimsikilize. Nakuandikia habari hii kwa sababu nimesikia unataka kutia pombe kwenye tangi la gari lako lenye turbo, hapo Kasongo, na kwamba wenzako wamekuambia ni kazi nyepesi. Kazi hiyo inawezekana. Nyepesi sivyo.

Mdogo wangu Zaina alitakiwa kuanza mtihani wa taifa Kasongo kesho yake asubuhi. Mwaka uliotangulia aliukosa kwa sababu ya malaria, na baba alikuwa ameshatamka kwamba akiukosa tena masomo yamekwisha, atabaki shambani. Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiliendesha gari la mjomba, gari dogo la turbo alilolitoa Bukavu. Wiki ile esanse, yaani petroli, ilikuwa imeadimika. Hata chupa zinazopangwa kando ya barabara zilikuwa tupu. Nikaenda kwa Mama Feza, mpishi wa lutuku, ile pombe yetu kali ya mahindi na muhogo. Unajua kwetu lutuku hupimwa kwa moto: unamimina kidogo kwenye kifuniko, unawasha kiberiti, ikishika moto wa buluu mnunuzi anatoa pesa. Ya Mama Feza ilishika vizuri sana. Nilirudi nayo nikiwa nimefurahi.

Mjomba aliutazama ule moto, hakucheka.

"Hii ni kipimo ya walevi," alisema, akiionyesha injini. "Moteri haiko mulevi."

Alichukua chupa nyeupe, akatia esanse kidogo tuliyobaki nayo, akaongeza lutuku, akatikisa, akaiweka chini. Sikuwa nimemaliza kufunga mzigo wa Zaina aliponiita nitazame. Vile vitu viwili vilikuwa vimeachana: esanse juu, chini maji yenye ukungu yaliyoivuta pombe kwao. Pombe inaweza kuwaka na bado ikawa na maji mengi ndani yake. Mnywaji hayaoni. Tangi litayaona, maana yale ya chini ndiyo pampu huyavuta kwanza.

Mjomba alikuwa na bidoni yake mwenyewe nyumbani, dumu la lutuku aliyokuwa ameirudia kuichemsha na kukusanya mvuke wake mara kadhaa, kisha akaikausha kwa chokaa iliyochomwa karibuni, isiyoguswa na maji. Ile ilikubali kuchanganyika na esanse. Chupa ilibaki safi. Tukaimimina tangini. Ndipo aliponirudishia funguo, na sharti moja: nisikanyage mafuta kiasi cha kuifanya turbo ianze kupuliza.

Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi hupotea. Kwa hewa ileile, pombe inatakiwa kuingia kwa wingi kuliko esanse. Turbo nayo kazi yake ni kusukuma hewa nyingi. Kama hujaongeza njia ya mafuta, unapokanyaga hewa inayazidi mafuta, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni inatoboka. Gari halitakuonya kwa muda mrefu.

Basi tulikwenda polepole. Watu wa pikipiki walitupita mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, kijana mwenye koti la mvua, alipunguza mwendo akawa sambamba nasi.

"Mukubwa, turbo yako iko inalala? Tuilete kitanda?"

Zaina alicheka. Baadaye, jua lilipoanza kushuka, hakucheka tena. Alikuwa ameshika begi la vitabu mapajani na kuangalia barabara tu.

Tulifika kwenye mlima wenye udongo mwekundu uliokuwa umelowa. Mjomba alituamuru tushushe mizigo yote. Yeye na Zaina wakapanda kwa miguu, Zaina viatu mkononi, nami nikapandisha gari tupu. Halikuweza. Katikati ya mlima nilisikia sauti ndani ya moteri, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mjomba alisogea dirishani, akanyoosha mkono, akazima moteri yeye mwenyewe.

"Mjomba, ni mulima moja tu," nilimwambia. "Niache nikanyage, tutapita."

"Na pistoni ikitoboka, mutoto atafika na nini?"

Yule kijana wa koti la mvua alikuwa juu ya mlima, anapumzisha pikipiki yake. Mjomba alimpungia mkono. Nilipoelewa anachotaka kufanya, niliona aibu kali. Wamaza nzima ilituona tukitoka na gari la turbo, na sasa dada yangu aingie Kasongo nyuma ya pikipiki, amejaa tope? Nikasema hivyo, kwa sauti.

Mjomba alinitazama kwa utulivu ulioniumiza kuliko matusi.

"Ulitoka nyumbani kupeleka Zaina, ao kupeleka turbo?"

Zaina alipanda, begi kifuani, wakaondoka.

Sisi tulipata esanse safi siku iliyofuata kwa wasafiri, tukafika Kasongo mchana. Tulimkuta nje ya shule, vidole vina wino, anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Yaya," aliniambia, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "mulichelewa."

Alifaulu. Habari za shamba baba hakuzitaja tena.

Baadaye, mimi na mjomba tulibadilisha pampu na vipulizia mafuta, tukaweka mipira mipya isiyolika kwa pombe, tukasafisha kichujio kila mara, kwa sababu pombe hung'oa uchafu wote wa tangi. Hapo ndipo turbo ilipovuta vizuri kuliko kwa esanse yoyote ya chupa, kwa kuwa pombe iliyo kavu hupoza moteri, nayo moteri haigongigongi ovyo. Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Nakuomba uipime kwa chupa, si kwa kiberiti. Anza na kidogo. Ongeza mafuta kabla ya kuongeza upepo. Ukisikia zile kokoto, ondoa mguu hapohapo, hata kama barabara nzima inakutazama. Na kila unapowasha, jiulize umembeba nani na anakwenda kufanya nini. Siku gari likishindwa, mtafutie njia nyingine bila kuona aibu.

Mungu akupe masikio ya kusikia mapema na moyo wa kusimama kwa wakati, na kila anayepanda nawe ashuke salama mbele ya mlango anaouendea. Amina.