Debe Juu, Udongo Chini

"Ukiupiga huo msumari, baba Nyangate, leo utalala na hayo madebe yako. Yakukumbatie," Nyamoita alisema, udongo umemjaa mikononi hadi viwikoni.

Okemwa, mumewe, aliinua nyundo. Misumari alikuwa ameibana kwa midomo.

Mvua ya mwaka ule, huko mlimani Manga, ilikuwa ya kumnyima chura usingizi. Wako walioapa kwamba walimwona mmoja akipita amejifunika jani la mgomba. Mvua hiyo ndiyo iliyouporomosha udongo wa ukuta wa nyuma wa nyumba yao, fito zikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe mzee, na kitanda cha Nyamoita kikaonekana tangu njiani. Kukisogeza hakukuwezekana, miguu yake imechimbiwa ardhini.

Na mzee Nyamongo, babake Okemwa, alikuwa anakuja kumtazama ndama. Kwa Abagusii, baba mkwe haingii nyumbani mwa mkaza mwana, wala hatupi jicho ndani. Akikiona kitanda kile, aibu yake haioshwi na mto Gucha mzima.

Ukuta basi ulitaka kuzibwa upesi. Lakini uzibwe kwa kitu gani? Okemwa alikuwa amebeba kichwani, kutoka dukani kwa Shueib huko Kisii mjini, madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa. Nyamoita naye alikuwa ameukanyaga udongo na mavi ya ng'ombe hadi ukalainika kama ugali wa wimbi. Wakabishana hadi jua likapanda.

"Debe haliporomoki," Okemwa alisema, akitoa msumari mdomoni.

"Wala halipakwi. Nyumba ni ya mwanamke kwa kuwa mkono wake ndio unaoipaka. Ukishapigilia hayo, mimi nitakuwa nani hapa? Mgeni wa Shueib?"

Kila mmoja akashika lake. Okemwa akaanzia juu, nyundo ikilia bonde zima. Nyamoita akaanzia chini, akipaka kama anayegombana na ukuta wenyewe. Madebe yakashuka, udongo ukapanda. Lilipobaki pengo la kiasi cha ungo, usawa wa macho ya mtu mzima, Esnah, mke wa nduguye Okemwa, akaja mbio.

"Mzee amevuka kijito. Nimemwambia aketi anywe uji, amesema atakunywa akirudi."

"Anatembeaje?" Nyamoita aliuliza.

"Haraka, kama mtu aliyesikia nyundo."

Mume na mke wakatazamana.

"Niachie hapo," Nyamoita alisema.

"Niachie wewe. Udongo mbichi utamporomokea baba miguuni."

"Ukiporomoka nitapaka tena. Ndiyo kazi ya mwenye nyumba."

"Mama Nyangate, baba yangu huyo anakuja."

"Na kitanda ni changu. Shusha nyundo."

Okemwa akainua debe la mwisho, akalielekeza kwenye pengo. Nyamoita hakumshika mkono. Aligeuka tu, akajipenyeza kati ya debe na fito, akalibandika pengo mgongo wake mpana. Udongo mbichi ukamnata kiunoni.

"Pigilia sasa," alisema kwa sauti ya chini. "Kisha uwaambie ndugu zangu ulinipigilia msumari wapi. Mimi hapa sitoki mpaka..."

Kikohozi kikasikika migombani. Mzee Nyamongo akatokea na fimbo yake. Esnah akatazama chini, Okemwa akabaki na nyundo hewani, na Nyamoita akazidi kuukaza mgongo pengoni, maana akisogea tu kitanda kitaonekana.