Mume wangu aliniambia samaki wetu amekufa, nimemkuta kule Lweba akiwa hai

Jambo kwenu nyote. Nasoma visa vya wenzangu hapa kila siku, sikujua kama zamu yangu ingekuja mapema hivi. Naomba jina langu lifichwe vizuri, kwa sababu mume wangu naye anafuata ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na tatu, naishi mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nilimaliza sekondari na diploma yangu ninayo. Nina miezi minne tu ndani ya ndoa. Mume wangu ni fundi wa umeme wa jua. Jamani, nampenda! Hata akirudi amejaa vumbi la barabara ya Fizi, akisimama mlangoni moyo wangu unaruka kama siku ya uchumba. Ananiita "roho yangu" mbele za watu, bila haya.

Zawadi yake ya harusi haikuwa kabati wala televisheni. Alimwagiza seremala sanduku la vioo, urefu wake kama kitanda cha mtoto, akaliweka sebuleni kwetu, akatia mchanga na mawe ya ziwani, akaunga pampu ndogo ya hewa kwenye betri. Ndani akaweka samaki wa Tanganyika yetu: wadogo wanaojificha ndani ya magamba ya konokono, wenye mistari wanaokaa kwenye mawe, na juu yao kundi la samaki wembamba, madume yao ya buluu, mikia ya manjano. Hao ndio kipenzi chake. Wanaogelea wote wakielekea upande mmoja, kama kwaya inayoingia kanisani. Majirani walitucheka: "Munalia njaa, na mboga iko mu kioo!"

Nilimuuliza kwa nini hao wawe wengi hivyo. Akasema, "Bibi, aba habawezi kukaa moja-moja. Ukitosha mumoja mu benzake, abakie peke yake, anaogopa hata kivuli yake, kisha anakufa."

Jike mmoja nilimpenda kupita wote. Ncha ya juu ya mkia wake ilikatika kama kwa mkasi, aling'atwa na samaki wa mawe. Nilimwita Madamu. Nikiweka kidole kwenye kioo, anakuja. Siku moja nikaona kidevu chake kimevimba na chakula hagusi. Nikaanza kulia. Mume wangu akacheka, akanikumbatia: "Hayiko mugonjwa, weye! Iko na batoto mu kinywa. Hatakula mupaka bakomae." Niambieni, mwanamke gani asingeyeyuka?

Baadaye nikaenda Kilembwe siku nne kumwangalia mama yangu. Niliporudi, Madamu hayupo. "Alikufa, roho yangu. Nilimuzika kule mu mihogo." Alinipangusa machozi kwa kiganja chake mwenyewe. Nilichuma maua nikayaweka pale aliponionyesha. Alikuwa wa nne kufa tangu harusi, na sikuwahi kuona mzoga hata mmoja. Sikuwaza kitu. Kila Jumamosi alibeba bidoni ya njano, lile dumu la maji, kwenda kijiji cha Lweba, akisema maji ya kule ndiyo safi kwa samaki. Mara moja nilitaka kuifungua, akaniambia iko tupu. Lakini aliibeba kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Majuma mawili yaliyopita, sisi akina mama wa kanisa tulikwenda Lweba kumpongeza dada mmoja aliyejifungua. Simjui, labda ni mdogo kuliko mimi. Walisema baba wa mtoto yuko machimboni. Tukaingia sebuleni, na pale pembeni, chini ya kitambaa cheupe, kulikuwa na sanduku la vioo. Kiongozi wetu akafunua akapiga makofi: "Ee, batu ba Lweba! Samaki banakaa mu salon, na siye wageni tuko pa mukeka!" Wote wakacheka. Yule dada akasema, "Habakuliwi, mama. Kuko mutu wa Baraka anabaleta. Anakuja kila siku ya posho kubabadirishia mayi." Siku ya posho kwetu ni Jumamosi.

"Mutu gani?" kiongozi wetu akamuuliza.

"Mutu tu." Akainama kumfunika mtoto.

Mimi niliweka kidole kwenye kioo. Madamu akaja, wenzake watatu nyuma yake. Mkia uleule, ncha ileile. Juu ya maji walikuwepo watoto wake, wembamba kama uzi. Nilimtazama mtoto wa yule dada nikitafuta sura ya mume wangu, lakini mtoto mchanga ni mtoto mchanga tu. Nikanywa soda niliyopewa.

Nilipofika nyumbani nikachukua jembe. Nilichimba pale penye maua yangu hadi kwenye mizizi ya mihogo. Hakuna kitu.

Sijamuuliza. Najiambia huenda anamsaidia jamaa ambaye anaona haya kumtaja. Huenda ni mpango wa kuniandalia jambo zuri, maana ndivyo alivyo. Lakini kwa nini aniambie amekufa? Kwa nini anipanguse machozi?

Na kuna jambo ambalo hajui bado. Mwezi huu sikuona siku zangu. Jana mezani akaniuliza, "Mbona haukule, bibi yangu?" Nikasema ni tumbo tu. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa furaha, nikiwa nimevaa kitenge cha harusi.

Leo asubuhi aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Jike mwingine kidevu kimevimba. Mimi nimekwisha kujifunza, najua ana nini kinywani. Mume wangu akatikisa kichwa: "Huyu nayo naona iko mugonjwa. Sizani kama atafika siku ya Mungu."

Siku ya Mungu ndiyo Jumapili, na kesho kutwa ni Jumamosi. Bidoni ameiosha, iko mlangoni. Nimuulize kabla hajainyanyua, au nimfungie chakula cha njiani kama kawaida, kisha nimfuate? Na habari yangu hii, nimpe au niendelee kufunga kinywa? Nishaurini, ndugu zangu, bado nampenda.