Siku Tuliyomsaili Jirani Yangu

Siku timu ya chuo chetu ilipofungwa mabao matano nyumbani, wanafunzi wetu wenyewe waliinuka walipokuwa wamekaa, wakazunguka nyuma ya goli na kwenda kuwashangilia wageni. Walikuwa wakicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha mzaha. Kocha wetu aliwatazama wakipita mbele yake, akatia mikono mfukoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye na nikatamani niwe mahali pengine popote.

Kocha huyo alikuwa jirani yangu. Nyumba za wakufunzi pale chuoni, nje kidogo ya mji wa Tanga, zimejengwa mbili mbili, kila mbili zinagawana ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wangu, kwa miaka mingi, waliishi yeye na mkewe. Ni Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwalimu wa michezo aliyekuwa anakaribia kustaafu. Mimi nafundisha Biolojia, na tangu binti yangu aolewe naishi peke yangu. Nikipika samaki nawapelekea bakuli; wao wakitoka kwao milimani naletewa kabichi na mapeasi. Mimi na yeye tunaitana jirani, na mkewe namwita shoga.

Wiki ile ile mkuu wa chuo aliniita ofisini.

"Mwalimu, yule bwana tunampumzisha," akasema. "Nimeshamwambia mwenyewe. Nafasi ya kocha mkuu tunaitangaza, na nataka wewe uwe kwenye kamati ya kumpata mpya."

"Mimi? Mpira wenyewe siujui."

"Ndiyo maana. Wanaoujua wote wana watu wao."

"Lakini yule ni jirani yangu, mkuu."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Hilo nalijua. Litatusaidia baadaye."

Sikuelewa alichomaanisha. Nilitoka, na tangu siku hiyo sikutulia. Nikawa natokea mlango wa uani ili nisikutane naye barazani. Nilisugua masufuria ambayo yalikuwa safi. Nilihamisha viti vya sebuleni, halafu nikavirudisha vilipokuwa. Nikikaa kusahihisha kazi za wanafunzi nasoma ukurasa ule ule hadi maneno yanapoteza maana. Ukutani nilimsikia akikohoa, nikamsikia akivuta kiti, na kila mara niliacha nilichokuwa nakifanya na kunyamaza kimya, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimejificha.

Kwenye kundi la WhatsApp la chuo kila mtu alikuwa na kocha wake. Mmoja alitaka aletwe Mbrazili. Mwingine akapendekeza mpishi wa bwaloni, kwa kuwa angalau anajua kuwapanga watu. Niliwasoma, nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba jirani naye yumo kwenye kundi hilo na anasoma kama mimi.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mbali na mimi alikuwapo mshauri wa wanafunzi, kijana mwenye haraka ambaye muda wote huangalia saa. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa mjini, Mhindi wa hapa hapa Tanga, mtu mzima anayeuza vifaa vya ujenzi na ambaye kila msimu hutununulia jezi. Kiswahili chake kimekolea Utanga kuliko changu. "Yakhe, jezi naweza kununua," alituambia siku ya kwanza. "Mabao sijui yanauzwa wapi."

Maombi yalikuja machache, na mengi yalikuwa ya watu wasiojua hata chuo kiko wapi. Tulikubaliana kuwaita wawili. Siku ya mwisho kabisa karani wa mkuu akatuletea bahasha nyingine, na mshauri wa wanafunzi akaifungua, akasoma, akaiweka mezani. Jirani yangu alikuwa ameomba kazi aliyoondolewa.

"Anaruhusiwa?" mshauri akauliza.

"Tangazo limesema mtu yeyote mwenye sifa," mfanyabiashara akamjibu. "Yeye hana sifa?"

Mshauri akaliongeza jina lake kwenye orodha, wakawa watatu.

Jioni ile nilimkuta shoga yangu uani akianua nguo. Alinisogelea, kanga begani, akatazama dirisha la nyumba yao kwanza.

"Umeshajua?" akaniuliza.

"Nimejua."

"Basi usiniambie kitu," akasema, akaendelea kuanua.

Usaili tuliufanya katika chumba cha walimu, chini ya feni inayolia. Wa kwanza alikuwa kijana wa Muheza anayefundisha timu ya wauza machungwa wa pale stendi. Alikuwa na adabu, alikuwa amesoma kozi, na kila swali alilijibu kwa "nitajitahidi". Nilimpenda, lakini alipotoka hakuna aliyekumbuka alichosema.

Wa pili alikuwa mchezaji wa zamani, mtu ambaye hata mimi nilikuwa nimeshawahi kusikia akitajwa redioni. Aliingia na miwani ya jua juu ya kichwa na simu mbili mkononi, akazilaza mezani mbele yetu. Kabla hatujafungua mdomo, akauliza yeye.

"Mara ya mwisho mmeshinda lini?"

Mshauri wa wanafunzi akafikiri. Akafikiri tena. "Kwa kweli sikumbuki."

"Basi hamhitaji kocha. Mnahitaji mtu wa kuwaudhi."

Nilimchukia hapo hapo. Alijisifu kwa muda mrefu, akataka kujua nyumba atakayopewa ina tangi la maji au haina. Mwisho akasema hawezi kuikubali timu asiyoiona. Alasiri hiyo hiyo awekewe wachezaji uwanjani.

Jirani alikuwa wa mwisho. Alikuja na suti yake ya kanisani. Mshauri wa wanafunzi, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alimwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa sauti yake ya siku zote. Kisha akanigeukia mimi. "Habari za kazi, mwalimu," akasema. Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwalimu.

Tulikuwa tumegawana maswali. Langu lilikuwa moja, na sauti ilinitoka nyembamba. "Ukipewa tena hii timu, utabadilisha nini?"

Nilitaka aseme chochote. Nilikuwa nimemtungia majibu kichwani: mazoezi ya alfajiri, wachezaji wapya, mfumo mpya, chochote ambacho ningeweza kukishika na kusema haya, tumpe nafasi nyingine.

"Hakuna," akasema. "Nilijua mtaniuliza hilo, na nimelifikiria sana. Ningeweza kuwadanganya. Vijana nawafundisha kuupokea mpira, kutulia, kutoa pasi. Mimi sijui njia nyingine."

"Na wakiendelea kufungwa?" mfanyabiashara akauliza kwa upole.

"Nitaendelea kuwafundisha."

Alitushukuru, akasimama, akakirudisha kiti chini ya meza kama alivyokikuta, akafunga mlango bila kuupiga. Mfanyabiashara aliutazama ule mlango kwa muda. "Mtu muungwana," akasema. Mimi nilikuwa nakunja na kukunjua pembe ya karatasi mpaka ikakatika.

Alasiri tukaenda uwanjani. Yule mchezaji wa zamani alivua viatu vyake vizuri, akavaa raba, akaanza kupiga kelele. Nahodha wetu ni kijana mrefu ambaye siku zote hutembea uwanjani kama anayetoka dukani. Mgeni akasimamisha mchezo, akamwambia mbele ya wenzake, "Wewe ni mwoga. Mguu unao, moyo huna." Nilidhani patapigwa ngumi. Nahodha alivimba, akageuka, na mpira uliporudi kuchezwa alikimbia kama mtu aliyeibiwa. Wenzake wakamfuata. Wakaanza kugombea kila mpira, wakagombana, wakaanguka na kuinuka. Kijana mmoja alitoka na goti linavuja damu, anacheka. Sikupenda nilichokiona, na sikuweza kuyaondoa macho.

Kule pembeni, kwenye kivuli cha mikorosho, jirani alikuwa amesimama na suti yake. Hakuwa amekwenda nyumbani. Alitazama mazoezi yale mpaka mwisho, halafu akaondoka taratibu kwa njia ya nyuma ya bweni.

Tulirudi kwenye chumba cha walimu. Mkuu wa chuo alikuja kusikiliza uamuzi. Mshauri wa wanafunzi alimtaka mchezaji wa zamani. Mfanyabiashara akasema, "Mimi namtaka yule mzee wetu, na msiniulize sababu." Wakanigeukia.

Nilisema nachagua mgeni. Sauti yangu safari hii haikutetemeka, na hilo lilinishangaza. Nilikuwa nalisikia lile "hakuna" masikioni. Vijana wale walikuwa wamefungwa msimu mzima, na mtu niliyempenda alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba hatabadilisha kitu. Mfanyabiashara alinitazama. "Haya," akasema tu.

"Vizuri," mkuu akasema, akinyanyuka. "Sasa, mwalimu, wewe ndiye utakayemwambia. Nyie ni watu wa karibu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliniweka kwenye kamati.

Nilikwenda kabla jua halijazama, kwa sababu nilijua nikingoja sitakwenda. Alikuwa uani, ameipindua baiskeli yake, anapaka mnyororo mafuta. Nikapiga hodi.

"Karibu, jirani."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alisikiliza, mkono mmoja ukizungusha pedali polepole.

"Kura zilikuwaje?"

"Mbili kwa moja."

"Ile moja ilikuwa yako?"

"Hapana, jirani. Haikuwa yangu."

Pedali ikasimama. Aliitikia kwa kichwa, akajifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole. "Utakunywa chai," akasema, na sikuweza kukataa. Shoga yangu, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, akaileta, tukakaa wote watatu barazani. Akazungumzia mvua za Lushoto, kwamba mwaka huu zimechelewa na maharage yatakauka. Niliinywa ile chai ikiwa ya moto mno, nikaungua ulimi, nikaendelea kunywa.

Shoga yangu alinisindikiza mpaka kona ya nyumba. Pale, alipohakikisha mumewe hatusikii, alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Ahsante," akasema.

"Ya nini tena?"

"Presha yake. Daktari alimwambia zamani aache kazi ile, hakutaka kusikia. Siku timu inacheza mimi silali. Nimeomba mpaka nimechoka, shoga. Mungu amekutumia wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba presha sikuifikiria hata kidogo, kwamba sikujua. Alikuwa ananiangalia kwa macho yenye furaha, nikamuaga tu. Nilizunguka mpaka mlangoni kwangu, nikatia ufunguo, nikautoa. Nikaenda barabarani kununua ndimu. Ndimu nilikuwa nazo tele.

Kocha mpya alianza kazi na matusi yake. Wachezaji wawili waliacha timu. Mechi ya kwanza tulifungwa, ya pili tukatoka sare, na ya tatu, ya ugenini Muheza, tukashinda. Ndani ya basi vijana waliimba mpaka Tanga, wakagonga mabati ya basi, nami niliimba nao bila kujua maneno. Nilipofika nyumbani jirani alikuwa amesimama barazani.

"Mmeshinda," akasema. Hakuuliza. Alikuwa ameshasoma kwenye kundi.

"Tumeshinda, jirani."

"Hongereni," akasema, akaingia ndani.

Muda wote huo hakukanyaga uwanjani. Aliendelea na vipindi vyake darasani, akalima bustani ya nyuma mpaka ikawa haina pa kulimwa tena, akapaka rangi dirisha ambalo si lake. Nikimsikia akitembea upande wa pili wa ukuta, huku na kule, nami najikuta nimesimama.

Zilipobaki wiki chache astaafu, wahame kurudi Lushoto, aliniita kwenye uzio. "Jumamosi mnacheza?"

"Tunacheza."

"Twende wote. Lakini tusikae karibu na makocha."

Tulikaa nyuma ya goli, juu ya nyasi, katikati ya wanafunzi. Walimsogelea kumwamkia mmoja mmoja, naye akawaitikia wote. Mpira ulipoanza aliweka mikono magotini. Kidogo akapiga magoti. Kidogo akasimama. Kocha mpya alikuwa anafoka kule mbele, na kila alipofoka jirani aliuma midomo. Beki wetu akapokea mpira, akatulia, akautazama, akatoa pasi safi katikati ya watu wawili. Kocha akamtukana kwa kuchelewa.

Jirani akafuta vumbi kwenye suruali. "Narudi nyumbani," akaniambia.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Wewe kaa, uangalie."

Akaanza kutembea kuelekea mikoroshoni. Nilinyanyuka nusu, sijui nimfuate au nibaki. Mara wanafunzi wakapiga yowe. Timu yetu ilikuwa inashambulia, kila mtu alisimama mbele yangu, nikasimama nami, nikasogea huku na kule nikitafuta upenyo. Mpira uligonga mwamba ukatoka nje. Nilipogeuka kumtazama jirani, hakuwapo tena.

Tulitoka sare siku ile, bila kufungana. Nilirudi haraka, karibu nikikimbia, nikapiga hodi kwao. Shoga yangu akafungua mlango, mikono ina unga wa muhogo.

"Amelala," akasema. "Karudi, kanywa maji, kalala kama mtoto. Mpira umekwishaje?"

Nikamwambia. Akaniambia niingie nikae, nami nikakaa ukingoni mwa kiti, nikimsikiliza yule mtu akipumua chumba cha pili.