Mama Anayetupanulia Jezi
Mama fundi wa kushona wa hapa mtaa wa Lumumba huongea na pini mdomoni, na vidole vyake havitulii hata akinywa chai. Kila mwaka hutupanulia jezi, siye timu ya mpira ya wazee, maana matumbo hayangoji ruhusa. Jumapili baada ya misa tulibishana mbele ya mashine yake kama tupiganie kombe sasa ao mwaka kesho. Kapiteni wetu, Papa Paluku, akasema, "Tungoje mwaka kesho." Mama akatoa pini, akamwinua mkono: ubavuni jezi ilikuwa imeongezewa vipande vya kikwembe, kile kitenge chake mwenyewe cha harusi.

"Papa Paluku, kikwembe imeisha. Mwaka kesho mutacheza matumbo inje. Muende mulete ile kombe!"

Akarudisha pini mdomoni, kikao kikaisha.